Kwa Nini Mama wa Pichani Haonyeshi Uso

Mmeniuliza, wajukuu zangu, kwa nini mama katika picha hizi ametupa kisogo. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Zamani, katika bonde letu hili la Japani, kila mama wa pichani alikuwa na uso, mviringo kama mwezi, na wote walifanana.

Nyuso hizo zilikuwa kazi ya Tokubei. Alichonga hadithi za maadili kwenye mbao, akazipaka wino, akakandamiza karatasi juu yake, na watu wakanunua picha hizo ili watoto wao wajifunze adabu. Iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya kijana akimlisha mama yake uji. Bibi yangu aliibandika kando ya meko, ikawa nyeusi kwa moshi, na hadi leo nikisikia harufu ya uji huiona.

Tokubei naye alikuwa na mama, Okiwa, ng'ambo ya mlima, mwendo wa siku mbili. Kila mwaka alisema, "Nikimaliza ubao huu nitakwenda." Ikapita miaka tisa.

Mwaka wa kumi, theluji ilipoyeyuka, mchuuzi wa picha akarudi kutoka ng'ambo.

"Bwana Tokubei," akasema, "mama yako ameinunua ile ya uji. Anawaonyesha majirani: 'Mwanangu ndiye aliyeichonga, na huyu mama ni mimi.'"

Tokubei akaweka patasi chini. Alijua kwamba alipouchonga uso ule hakumfikiria mama yake hata kidogo. Akaondoka saa ile ile, wino ungali mikononi.

Alipofika, majirani walikuwa wakirudi kutoka makaburini. Picha ilikuwa bado ukutani, pembe zake zimechakaa kwa kushikwashikwa.

Aliporudi alitwaa ubao mpya, amchonge Okiwa mwenyewe. Alikumbuka sauti yake. Alikumbuka alivyobebwa mgongoni, mama akiinama kupanda mpunga. Uso haukuja. Siku ya tatu mkewe, Osei, alimkuta akilia.

"Basi chonga unachokikumbuka," akamwambia.

Akachonga mgongo.

Na tangu siku hiyo wachongaji wa bonde letu humchonga mama akiwa amegeuka. Huwa nawaona watoto sokoni wakiipindua karatasi, wakitafuta uso upande wa pili. Nami huwaambia, "Hapo haupo. Nendeni nyumbani mkamtazame."