Simba wa Darajani Hakuitikia

Paukwa!
Pakawa!
Wenye magoti ya kutetemeka wapo?
Tupo, wewe ukiwa wa kwanza!

Haya. Hapo kale, kale hasa, palikuwa na mto, na juu ya mto likaning'inia daraja la kamba. Ukikanyaga tu, nyi-nyi-nyi, linalalamika. Kila mwisho wa daraja alikaa simba wa jiwe, kazi ya Mzee Shekigenda, mchonga mawe. Mdomo wazi, meno nje, na manyoya ya shingoni yamesukwa twende kilioni, maana mzee hakuwahi kumwona simba, alimwona mkewe tu.

Basi mama mmoja kijana, Sikudhani, mtoto wake wa kwanza akashikwa na homa. Mwili moto, moto, moto! Mganga yuko ng'ambo. Sikudhani mbio, tu-tu-tu, mtoto mgongoni, mpaka darajani, akasimama. Sikudhani huyu, jamani, aliogopa hata kivuli cha chungu. Lakini adabu alikuwa nayo.

"Shikamoo," akamwambia simba.
Kimya.
"Shikamoo, babu!"
Kimya. Akajua simba kakasirika, hapiti mtu. Mtoto anahema hf-hf-hf, mama mtu anangoja marahaba ya jiwe!

Mzee Shekigenda akamkuta. "Unamngoja nani, mjukuu wangu?"
"Simba, babu. Hajaitikia."
"Ataitikiaje? Nimemchonga mwaka juzi. Mdogo wako huyo! Yeye ndiye wa kukuamkia."

Sikudhani akacheka, kisha akaona maji, gu-gu-gu, akalia. "Miguu imekataa, babu. Mtoto ataniishia mgongoni."

Mzee akanong'ona, "Mimi naliogopa daraja hili kuliko wewe. Nikitazama maji, nimekwisha. Ndiyo nikamchonga simba wa ng'ambo, mbaya hasa, ili macho yamng'ang'anie. Mtazame yeye. Mgombeze."

Sikudhani akaingia. Nyi-nyi-nyi. "We simba, funga mdomo!" Nyi-nyi-nyi. "Nani kakusuka hivyo? Huna haya?" Nyi-nyi, pu! Akamgonga simba kwa paji la uso. Kumbe keshavuka!

Dawa ikanywewa. Siku ya tatu mtoto akadai uji kwa kelele. Nundu ya mama ikakaa wiki nzima, na kila aliyeuliza akajibiwa, "Nimepigana na simba."

Basi, mwoga msimwambie asiogope. Mpeni pa kutazama, kama alivyofanya Mzee Shekigenda. Na mnaomcheka Sikudhani, chekeni tu. Mimi ningekuwa bado nangoja marahaba.

Hadithi yangu imevuka. Aliyebaki huku na avuke.