Sange Asiyetazama Watu Machoni

Nikibisha!
— Tunafungua!
Nikibisha tena!
— Ingia na kitu!
Kitu gani?
— Uongo wenye mfupa wa kweli!

Haya, sogeeni. Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wanasalimiana kabla ya kulana, katika msitu mmoja alikuwako sange. Mnamjua sange? Ni mnyama mdogo, kimo cha panya, miguu myembamba kama vijiti, na pua ndefu, utadhani alianza kuota mkonga kama tembo kisha akaghairi. Sange wangu jina lake Kijia.

Aliitwa Kijia kwa sababu ya vijia vyake. Kila asubuhi aliamka, akashika njia yake, akaifagia. Fya! Jani huku. Fya! Jani kule. Fya, fya, fya, mpaka njia ikang'aa. Vijia vyake vilikuwa saba, na kila siku alivipita kwa mpango uleule, cha kwanza kwanza, cha saba mwisho. Ukimwekea kijiti katikati, hapati usingizi. Ukimwambia, "Leo tuanzie cha tano," anajikunja na kutetemeka.

Alikuwa na mambo mengine pia. Kelele ikitoka ghafla, aliziba masikio. Ukimuuliza kitu, alikirudia kwanza. "Umekula, Kijia?" "Umekula, Kijia. Umekula, Kijia. Nimekula." Na machoni hakukutazama kamwe. Alitazama sikio lako, au kupe aliyekaa shingoni mwako. Lakini akipenda kitu, basi! Angemtazama siafu mmoja tangu asubuhi hadi jua la utosi, akifurahi peke yake.

Majirani wakasema. Majirani hawakosi la kusema.

"Mama Kijia," alisema Kanga, ndege mwenye sauti kama sufuria iliyoanguka, "mwanao ana kiburi. Hasalimii watu."

"Anasalimia," Mama Kijia akajibu. "Jana si alikuja kukuonyesha yai lako lililobingiria majanini?"

"Hiyo nayo ni salamu?"

"Kwake, ndiyo."

"Mchape kidogo, ataelewa."

"Nilimchapa mara moja, kwa kuwasikiliza nyinyi. Alichoelewa ni kwamba mama yake anaumiza. Sirudii tena, dada yangu."

Basi mwaka ule mvua ikakataa. Mizambarau ikakauka, mikwaju ikapukutika. Ukazaa mti mmoja tu, mkuyu mkubwa wa bondeni, ambao mizizi yake ilikunywa maji chini kwa chini. Makuyu yakaiva, mekundu, matamu, yakaanguka: po! po! po! Wanyama wakakimbilia bondeni. Wakamkuta nani?

— Nani?

Nyani! Nyani dume, Bwana Mashavu. Meno kama ya chui, mabega kama mwamba. Na mashavu! Shavu la kulia liliingia makuyu ishirini, la kushoto ishirini, na nafasi ikabaki. Ameketi shinani, mgongo ameupa mti.

"Mti huu ni wangu," akasema. "Lakini mimi ni mtu wa watu. Atakayenisalimu kwa heshima, akanitazama machoni, akanichekea, nitampa kuyu moja."

Wanyama wakapanga foleni. Wangefanyaje? Njaa haina miiko.

Akaja Digidigi. "Shikamoo, Bwana Mashavu. Umependeza leo."

"Marahaba. Nitazame! Cheka!"

Digidigi akatazama, akacheka, hi hi hi. Akapewa kuyu moja lenye funza.

Akaja Kanga. "Shikamoo, Bwana Mashavu. Umenenepa leo."

"Marahaba. Nitazame! Cheka!"

Kanga akatazama, akacheka, kwa kwa kwa. Akapewa kuyu moja bovu. Hata mke wa Nyani, mtoto mgongoni, alipanga foleni kama wengine.

Akaja Mama Kijia. Alikuwa amejifungua mapacha juzijuzi, na maziwa yalianza kukauka. Akatazama, akacheka, akapewa kuyu moja. Kuyu moja kwa matumbo manne!

Ikawa zamu ya Kijia. Akasogea, macho yake kwenye kidole gumba cha Nyani.

"Nitazame machoni!"

"Nitazame machoni. Nitazame machoni. Siwezi."

"Huwezi, au hutaki?"

"Siwezi. Macho ya watu yana kelele."

Foleni nzima ikacheka, na safari hii hakuna aliyewaamuru.

"Mwanangu," mama akamnong'oneza, "jaribu tu. Kwa ajili ya wadogo zako."

Kijia akajaribu. Akainua macho, akayaingiza ndani ya macho ya Nyani. Mwili ukamwaka, kichwa kikamzunguka, akaanguka chini puu! Mama akamnyanyua, akamwondoa pale, na njia nzima akawa anajilaumu moyoni kwa nini alimsukuma.

Walipofika kwenye kijia cha tatu, Kijia akasimama.

"Mama, kwa nini Nyani anataka macho?"

"Ili ahakikishe tunamwogopa."

"Akitazama macho ya mtu, anatazama na nini kingine?"

Mama hakuwahi kuulizwa swali kama lile. Akawaza. "Hatazami kingine, nadhani."

"Nyuma yake hatazami."

"Hatazami. Lakini mtu akipita nyuma yake, majani yatalia, kwacha kwacha, naye atasikia."

"Majani yatalia," Kijia akasema. "Majani yatalia. Majani yakiwapo."

Siku mbili Kijia alikaa mbali kidogo na mkuyu, akiutazama. Alitazama nini? Kila kitu. Alijua tawi lipi limeiva na lipi bado. Alijua upepo unapanda bonde saa ngapi, na kwamba ukifika, tawi la nyuma ndilo linaloangusha zaidi. Alijua Nyani hujaza mashavu asubuhi mapema, hatafuni mpaka jua lipande, kwa kuwa anapenda kujisikia kajaa.

Kisha akafanya jambo ambalo mama yake hakuamini. Alianza kufagia kijia cha nane! Yeye, aliyejikunja akiambiwa aanzie cha tano! Alifagia huku anatetemeka. Alifagia, akakimbia kurudi kwenye cha saba kupumua, akarudi tena. Fya, fya, fya, mpaka nyuma ya mkuyu.

"Mama," akasema, "waambie majirani. Kesho upepo ukija, wapite kijia cha nane. Mmoja mmoja. Wasikanyage pembeni. Wasiseme."

Mama Kijia akaenda kuwaambia. Kanga akaruka. "Tumfuate yule mwenda na yake?"

"Una makuyu mangapi nyumbani?" mama akamuuliza.

Kanga akaenda kuwaambia wengine.

Kesho yake Kijia akaenda kwa Nyani, akasema na kidole gumba kilekile. "Tushindane. Mimi na wewe, kutazamana."

Nyani akacheka mpaka utomvu wa makuyu ukamtoka puani. "Wewe? Kutazama? Vizuri! Ukishindwa, navifukia vijia vyako vyote, na wewe, mama yako na hao wachanga mtahama."

Vijia vyote! Kijia akavihesabu moyoni, cha kwanza mpaka cha nane. Kisha akauliza, "Na wewe ukishindwa?"

"Mimi?" Nyani akajipiga kifua, du! du! "Naapa mbele ya mke wangu na nyote mliopo. Tutatazamana uso kwa uso. Atakayegeuza uso ameshindwa. Nikishindwa mimi, nitahama, na mti utakuwa wa wote."

"Uso kwa uso," Kijia akarudia. "Uso kwa uso. Atakayegeuza uso ameshindwa. Hakusema macho."

"Unasemaje?"

"Narudia tu."

Wakaketi. Nyani, mashavu yote mawili yamejaa, akakodoa macho. Kijia akainua pua yake ndefu, akatazama. Akatazama wapi? Katikati ya nyusi za Nyani! Pale palikuwa na makunyanzi yamepangana, moja juu ya jingine. Kijia akashika la kwanza, akalifuata. Linaanzia hapa, linapinda, linaishia pale. Akashika la pili. Lo, la pili lina tawi! Aliona raha. Na Nyani aliona nini? Aliona sange kamkazia macho wala hatikisiki.

Upepo ukapanda bondeni, vuuu. Nyuma ya mkuyu: po!

Sikio la Nyani likacheza.

Po! Po!

"Nini hicho?" Nyani akauliza, mdomo umejaa.

"Geuka utazame," Kijia akasema.

Nyani hakugeuka.

Kwenye kijia cha nane akaja Digidigi. Akachukua, akapita. Akaja Kanga, mdomo kaufunga kwa jani la ukindu asije akajisahau, kucha tayari kubeba. Akachukua, akapita. Akaja Mama Kijia na mapacha wake. Akachukua, akapita. Hakuna jani lililolia. Akaja mke wa Nyani. Huyu alichukua, lakini hakupita. Alikaa chini akala palepale: mcho, mcho, mcho.

"Nani anatafuna?" Nyani akauliza. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Geuka utazame."

Nyani akawaza. Nikigeuka, nimeupoteza mti. Nisipogeuka, nimeyapoteza makuyu. Mti. Makuyu. Mti. Makuyu. Macho yakamtoka machozi. Kijia alikuwa kwenye kunyanzi la kumi na moja.

Mcho, mcho, mcho.

"MAKUYU YANGU!" Nyani akageuka. Makuyu arobaini yakamfyatuka mashavuni, pu pu pu pu pu!

Alipoona nyuma ya mti kweupe, hakuna hata kuyu moja, akamrudia Kijia, meno yote nje. Sange ni kitu gani kwa meno yale? Ni tonge moja, tena dogo. Mama Kijia akapiga kelele, akarusha makuyu yake, akakimbia mbele. Lakini kuna aliyemtangulia. Mke wa Nyani alikuwa amesimama katikati.

"Umeapa," akamwambia mumewe.

"Ondoka hapo, mke wangu."

"Umeapa mbele yangu. Siku nne nimepanga foleni na mwanao mgongoni, nakuchekea ili nipate kuyu bovu kwenye mti ambao hata hukuupanda. Umegeuza uso. Nenda."

Digidigi akaja akasimama kando yake. Kanga naye, bado kafungwa mdomo. Mmoja mmoja wakaja wote. Nyani akatafuta jicho moja la kumchekea, asilipate. Akaondoka, ng'ambo ya mto, na ng'ambo ya mto wa pili.

Na Kijia? "Yalibaki makunyanzi matatu," akasema kwa huzuni. "Sikuyamaliza."

Jioni ile majirani wakaja na ngoma na vigelegele, wambebe juu juu. Kijia akazama shimoni. Mama yake akasimama mlangoni.

"Asanteni. Sasa punguzeni sauti."

"Kumbe ana akili!" Kanga akasema. "Laiti tungejua, Mama Kijia, tusingemsema."

"Na mtoto wa dada yangu kule kilimani, mnayemcheka hivyohivyo? Yeye hajamshinda mtu, wala hatamshinda. Hajui hata kufagia. Yeye mtamsema mpaka lini?"

Wakazibana ngoma zao kwapani, wakarudi makwao.

Siku ya pili Kanga akaja peke yake, akitembea katikati ya kijia, taratibu. Akasimama mbali. "Kijia," akasema kwa sauti ndogo ambayo hata yeye hakujua anayo, "nikitaka kukusalimia, nikusalimieje?"

Kijia akarudia swali mara mbili. "Kaa hapo," akasema. "Tazama."

Jongoo alikuwa anavuka njia. Kanga akakaa. Jongoo akavuka kipande, akavuka kipande, na miguu yake ikaenda kama wimbi. Muda mrefu ukapita.

"Hivi," Kanga akanong'ona, "miguu ile haigongani?"

Kijia akamsogelea hatua moja. "Hata mimi hilo ndilo ninalotaka kujua," akasema.

Ngano yangu imeiva, nimeitua. Penye utamu mle, palipoungua niachieni mpishi.

Na funzo lake, watoto, msilisahau: mtazameni kila mkubwa machoni, msalimieni kwa sauti kubwa, mcheke hata asipochekesha. Bwana Mashavu aliyapenda hayo yote, na alifika mbali. Mpaka leo yuko hukohuko mbali, anasubiri foleni.