Vali Iliyokataa Kutulia

Wapendwa, leo mtanivumilia. Nawapeleka kwenye bandari ya kijeshi ya nchi moja ya mbali, zinakotengenezwa nyambizi za kivita zinazoendeshwa kwa nyuklia. Msiniulize kama nimefika. Hata getini wasingeniruhusu!

Bandarini pale palikuwa na bwana mmoja, mtunza spea. Kila vali na kila skrubu ya nyambizi za aina ile ilipita mkononi mwake. Siku hiyo alikuwa mbiombio, maana nyambizi moja ilikuwa iondoke Ijumaa na watu zaidi ya mia, na miongoni mwao binti yake wa pekee. Ilibaki vali moja tu, ile ya kuzuia maji ya bahari yasiingie chumba cha mtambo.

Akaipeleka. Mafundi wakaitia mahali pake, ikacheza kama jino bovu. Akaangalia namba, ndiyo yenyewe. Akaangalia mchoro, ndio wenyewe. Akaleta ya pili, ikacheza. Ya tatu, yale yale. Maskini, akachanganyikiwa kabisa. Namba ni yake, mchoro ni wake, mbona haikai? Ninyi mngemlaumu nani? Kiwanda, sivyo? Naye alikilaumu, tena kwa maneno nisiyoweza kuyarudia hapa mimbarani.

"Zungushia mpira na gundi, mzee," fundi mkuu akamwambia. "Itatulia tu. Ijumaa ni kesho kutwa."

"Na mwanangu ndiye atakayekwenda chini ya bahari na gundi yako?"

Akampigia simu mama mmoja mstaafu, miongoni mwa wale walioichora nyambizi ile miaka thelathini nyuma. Mama akaja na kipimo chake, akaipima vali. "Hii haina kosa," akasema. Kisha akapima tundu. Akapima tena. Akavua miwani.

"Jamani, kila milimita hapa niliichora nikifikiria uzito wa maji ya kule chini. Nani amelipanua tundu hili?"

Mafundi wakaangalia viatu vyao.

Hapo ndipo desturi ya mafundi wale ilipojulikana. Spea ikija nene kidogo, kuirudisha kiwandani kulitaka fomu saba, na lawama za kuchelewesha kazi juu yake. Basi fundi hulipiga tundu tupa, kile chuma cha kukwangulia, likapanuka, spea ikaingia, watu wakaenda kunywa chai. Mwaka huu kidogo, mwaka ule kidogo. Ilipokuja spea iliyo sawasawa, ikaonekana ndiyo mbovu!

Mtunza spea akaketi sakafuni. Kabla ya kupewa stoo, naye alikuwa fundi.

"Mama," akasema, "tupa ya kwanza niliipiga mimi. Mwanangu alikuwa hajazaliwa."

Ijumaa nyambizi haikuondoka.

Haya, na sisi je? Mara ngapi tumesema Neno hili halitukai, limepitwa na wakati? Uongo mdogo ulipogoma kuingia, tuliipiga dhamiri tupa, ukaingia, tukaenda kunywa chai. Leo ukweli unacheza ndani yetu, nasi tunaulizia gundi. Ndugu yangu, acha kuilaumu spea. Mwite Yeye aliyekuchora, umwachie apime tundu. Na ukiona aibu kutaja aliyeshika tupa, kumbuka ni mwanao anayesafiri ndani ya chombo hicho.