Punje ya Chengula

"Mtani akinyamaza, mkague kinywa." Mnacheka? Mmeisikia kwa mjomba wenu, sasa mnanijia mimi bibi yenu kuuliza ilikotoka. Haya, wekeni simu hizo chini. Methali hii ilianza hivi.

Babu yangu, Otmari Nchimbi, Mngoni mbishi kweli kweli, alikuwa na mtani wake wa Kihehe, Chengula. Kila baada ya mavuno Chengula alikuja kwetu wakacheza kamari ya punje. Mmoja anaficha punje ya hindi kiganjani, anatoa ngumi mbili, mwenzake anachagua moja. Ukikuta tupu, umeliwa. Ngumi ya pili haifunguliwi. Kumtukana mtani ruksa, lakini kumshuku kwa dhati ilikuwa mwiko.

Mwaka mmoja babu aliliwa mbuzi watatu. Mkewe, Skolastika, akamvuta pembeni.

"Baba Anjela, hata kipofu hubahatisha. Hukupata hata mara moja?"

"Nyamaza! Nimkague mtani wangu kama mwizi?"

Loo, mila ilimfumba macho mzee wa watu! Akarudi, akaweka ng'ombe. Ng'ombe mmoja tu, jamani, na maziwa yake ndiyo yaliyomlea mjukuu wao mchanga, aliyefiwa na mama.

Chengula akatoa ngumi. Skolastika akamkazia macho. Mtu huyu alikuwa ametutania tangu asubuhi bila kupumzika, lakini kila akitoa ngumi, kimya. Anatikisa kichwa tu. Kwa nini?

Skolastika akaleta tonge la ugali. "Mtani, kula kwanza."

Chengula akakataa kwa kichwa.

"Unakataa ugali wangu? Basi na mimi ni mtani wako!" Akambana pua.

Hakuna aliyemzuia, maana mtani humfanyia mtani atakalo. Chengula akatapatapa, akapanua kinywa, na punje ikadondoka mapajani. Babu akamfungua ngumi zote mbili. Tupu!

"Ah, shemeji, huo si utani tu?" Chengula akasema.

"Ni utani," Skolastika akajibu. "Na mbuzi wetu warudi kiutani hivyo hivyo, leo leo."

Mbuzi wakarudi, ng'ombe akabaki zizini. Na yule mtoto wa maziwa ndiye huyu anayewasimulia. Kwa hiyo chekeni mtakavyo, lakini mtani akinyamaza, mkague kinywa.