Tumbo la Chura wa Mti

Paukwa!
Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!
Pakawa!

Haya. Zibueni masikio, maana mimi sirudii. Bibi Mbuke alirudia mpaka sauti ikakauka, na mtasikia alipata nini.

Zamani za kale, katika kijiji kilichokuwa kando ya bwawa, aliishi mwanamke mzee aliyeitwa Bibi Mbuke. Kazi yake ilikuwa kuchonga vyura wa mti. Chura mmoja, ndoana moja, mshipi mmoja. Ukimrusha, anaelea. Ukimvuta, anarukaruka juu ya maji. Kambare akidhani ni chura kweli, anapanda na kummeza. Nyavu hazikufaa pale. Bwawa lilijaa yungiyungi, na kila wavu ulirudi vipande vipande.

Katika kijiji hicho mke akijifungua, mume humvulia kambare kwa mkono wake. Siku ya saba mtoto hutolewa nje, na mama yake hunywa mchuzi.

Kabula, mke wa Masalu, akajifungua mtoto wa kike. Mama yake Kabula akaja, akaketi mlangoni.

"Mkwe," akasema, "siku ya saba nisipouona mchuzi, naondoka na mwanangu na mjukuu wangu."

Masalu mbio, mbio, mbio, mpaka kwa Bibi Mbuke.

"Bibi, nipe chura."

"Mikono unayo?"

"Ninayo."

"Kachonge. Ukimaliza, niletee nimwone."

Siku ya tatu Masalu akaleta chura wa mpingo. Alimsugua mpaka akang'aa.

"Nani kakuambia ni mzuri?" akauliza Bibi.

"Watu, Bibi."

"Watu wanakula vijiti?"

Akamchukua chura, akamtupa majini. Tubwi! Kisha kimya. Chura amekwenda, na ndoana yake.

"Mpingo hauelei, Masalu! Huyo mwanao wa siku tatu angekuambia. Tumia mti wa maboya."

Siku ya tano akaleta chura wa mti wa maboya. Mgongo wa kijani, madoa ya njano, macho ya ushanga. Tumbo alilipaka masizi, uchafu usionekane watu wakimweka chini kumtazama. Na watu walimtazama. Alipita naye nyumba kwa nyumba, akapigiwa vigelegele.

"Nani kakuambia ni mzuri?"

"Watu, Bibi. Kijiji kizima."

"Watu wanakula vijiti?"

"Lakini huyu anaelea!"

"Haya, kamrushe."

Akamrusha. Pwa! Akamvuta. Hakuna. Pwa! Hakuna. Asubuhi mpaka mchana, hakuna. Kando yake kambare walikuwa wakila vyura wa kweli. Chopo! Chopo! Masalu anawasikia.

Siku ya sita akarudi kwa Bibi na chura yule yule.

"Nimemwongezea kitu, Bibi."

"Umeongeza nini?"

"Mistari myekundu."

"Wapi?"

"Mgongoni."

Bibi Mbuke akasonya. Msyuuu! Kuku wakatawanyika.

"Twende bwawani," akasema.

Walipofika, akamwambia, "Ingia majini."

"Bibi, sikuja kuoga."

"Ingia!"

Masalu akaingia mpaka kifuani. Bibi akajifunga kaniki kiunoni, akamfuata. Akamshika kisogo. Chubwi! Akamzamisha, na kwa mkono wa pili akamshikilia chura juu ya maji. Kisha akamwachia.

"Umeona nini?"

"Nimekunywa maji, Bibi!"

Chubwi! Tena.

"Umeona nini?"

"Mkaa! Nimeona kipande cha mkaa!"

"Na mistari yako?"

"Sijaiona."

"Kambare anakaa wapi?"

Masalu akafuta maji usoni.

"Nakuuliza wewe, mume wa mtu! Kambare anakaa wapi?"

"Chini, Bibi."

"Basi!"

Bibi akatoa kisu, akakwangua masizi. Kwaru, kwaru, kwaru. Chini yake mti ulikuwa mweupe, kama tumbo la chura yeyote. Ulikuwa mweupe tangu mwanzo.

"Nenda kavue. Na usipite kijijini!"

Masalu akarusha. Pwa! Akavuta. Kobo, kobo, kobo... Chopo! Mshipi ukakaza.

Siku ya saba Kabula akanywa mchuzi, mtoto akatolewa nje, akaitwa Mbuke. Mama mkwe akaonja, akasema umepungua chumvi. Akakaa miezi miwili zaidi.

Miaka ikapita. Bibi Mbuke akafariki. Wanakijiji wakasema, tumwekee kumbukumbu. Wakachonga chura mkubwa kama mbuzi. Wakamweka chini, wakapaka mgongo rangi siku nne. Kila aliyepita alisema ni mzuri. Tumbo hawakuligusa.

Kisha wakampandisha kwa kamba, wakamtundika juu kabisa, chini ya paa la baraza, kila mtu amwone.

Wakasimama chini yake. Wakatazama juu. Wakaona tumbo tu, mti mtupu.

Mbuke binti Masalu, sasa mwanamke mwenye watoto wake, akasonya. Msyuuu!

"Nani kawaambia ni mzuri?"

Basi nanyi mnaonisikiliza, kitu mnachomtengenezea mtu, kitazameni kutoka pale alipo yeye. Nimesema mara moja.

Hadithi yangu naitua hapo. Kama ni nzuri, msiniambie mimi. Nendeni mkavue.