Nguchiro Mpima Moyo

Jamani, nianze nisianze?
Anza!
Mna masikio?
Tunayo!
Haya, yategeni.

Alikuwapo Kiboko, mnene, mwenye nguvu. Wanyama wadogo walilima maboga, yeye akayavuna yote akayarundika mtoni. Akala, kacha-kacha! Akalala. Akaamka, kacha-kacha! Watoto wa Nguchiro wakalala njaa.

Siku moja Kiboko akapanda ukingo wa mto, hema-hema, akaanguka puu! Akalia. "Nataka kupungua, ila nashindwa."

Nguchiro akasogea, ti-ti-ti. "Shikamoo, Bwana Mkubwa. Wengine hupima mwili. Mimi napima moyo, maana moyo ndio unaokutuma kula."

"Nipime, mwanangu."

Nguchiro akabandika sikio kifuani. Du! Du! Du! "Ukiona boga, moyo unasemaje?"

"Unasema: kula!"

"Bado haujabadilika. Niachie maboga haya, usije ukajaribiwa."

Akayabeba, ti-ti-ti, hadi nyumbani.

Kesho yake akarudi. Du! Du! Du! "Moyo unasemaje?"

"Unasema: kula, ila kidogo."

"Bado. Niachie na haya."

Ikawa hivyo kila siku, hata likabaki boga moja. Nguchiro akaja. Du... du... du... "Leo unasemaje?"

Kiboko akasema polepole, "Leo haukusema kula. Ulisema: mwite mama. Mama alichukuliwa na mafuriko nikiwa mdogo. Tumbo likijaa, huwa simkumbuki. Leo nimemkumbuka, na sikula."

Nguchiro akaondoa sikio. Alijua kabisa: moyo umebadilika. Lakini jicho lake likaliona lile boga.

"Bado," akasema. "Niachie na hilo."

Kiboko akalisukuma kwa pua. "Chukua. Nilidhani safari hii nimeweza."

Akageuka. Chubwi! Akazama.

Kule nyumbani wanyama wadogo wakapika, wakacheza ngoma. Nguchiro akatia tonge mdomoni, likakataa kushuka. Akatimka mbio mpaka mtoni.

"Bwana Mkubwa! Ulikuwa umeweza! Nilikudanganya! Ulikuwa umeweza!"

Maji yakapita, shwaa, shwaa. Akaita mpaka sauti ikakauka. Kiboko alikwisha hama, na hakuna aliyemwona tena.

Basi wanangu, mafunzo ni haya: ukimpima mtu moyo, pima vizuri, ila anachokuambia usikisikilize. Kitakuharibia chakula.

Yangu yameishia hapo. Mwenye usingizi akalale, mwenye swali akae nalo.