Sauti ya Bibi Kidawa

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa na nini? Pakawa na jabali. Sogeeni, watoto kwa wakubwa.

Hapo zamani za kale, pimbi waliishi katika jabali refu. Walishuka kula majani bondeni, na mmoja wao alikaa kileleni kuwalinda. Mlinzi wao alikuwa Bibi Kidawa. Akimwona tai, alilia, "Kwiii!" Pimbi wote hao, shimoni.

Siku moja tai alitokea upande wa jua. Bibi Kidawa akalia. Pimbi wakapona. Yeye akachukuliwa.

Desturi ya pimbi ni kwamba kiti cha marehemu hakikaliwi mpaka matanga yaondolewe. Na matanga ya Bibi Kidawa hakuna aliyethubutu kuyaondoa. Mvua ikanyesha, ikaisha. Kilele kitupu.

Basi adhuhuri moja, upepo umelala, hata jani halitikisiki, ikasikika: "Kwiii."

Sauti ile ile. Wakakimbia, puu, puu, puu, shimoni. Wakachungulia. Mbingu nyeupe. Hakuna tai. Hakuna hata kivuli.

Kesho yake, "Kwiii." Keshokutwa, "Kwiii." Wakala kidogo, wakakimbia. Wakala kidogo zaidi, wakakimbia. Mwishowe wakaogopa kushuka.

Alikuwapo pimbi mmoja, jina lake Mwanakheri, ana mtoto anyonyaye, Siwema. Maziwa yakamkauka. Mtoto akawa mwepesi kama ganda la kunde.

Mwanakheri akamwendea Mzee Shomari, mkubwa wa jabali.

"Mzee wangu, mwanangu anakufa kwa njaa."

"Pole, binti yangu. Lakini marehemu anatuonya. Utampuuza marehemu?"

"Anatuonya nini?"

"Hilo hajasema."

Mwanakheri akatoka. Akamkuta Mlamba, ndege mweusi mwenye mkia wa panda, fundi wa kuiga sauti za wenzake.

"Ni wewe," Mwanakheri akasema. "Unatutisha tukimbie, panzi waruke, ule."

"Siku ya kwanza nilikuwa mimi, sikatai. Nilishiba. Siku ya pili nilikuja, nikafungua mdomo. Kabla sijalia, mlikwisha kukimbia. Nikaogopa. Sijarudi tena."

Mwanakheri akauliza, "Basi nani analia?"

"Waniuliza mimi? Mimi mwizi wa panzi tu, dada."

Mwanakheri akambeba Siwema, akashuka bondeni. Kimya. Akang'ata jani moja.

"Kwiii."

Miguu ikaanza kukimbia yenyewe.

"Mama, waenda wapi?" Siwema akauliza.

"Husikii?"

"Sisikii kitu. Mimi hukimbia kwa kuwa wewe unakimbia."

Mwanakheri akasimama. Sauti ikalia tena, karibu, ndani ya sikio lake. Akatazama juu, akatazama upande wa jua. Hakuna kitu. Akasema polepole, "Hofu ina mnyama wake. Hii haina mnyama. Huu ni wasiwasi." Akala jani. Sauti ikalia. Akala jingine.

Vichwa vikatokeza mashimoni.

"Mwanakheri, umerogwa? Husikii?" akauliza Mzee Shomari.

"Nasikia, Mzee. Nasikia na ninakula."

Wakamtazama anavyokula. Mmoja akashuka, akitetemeka. Kisha mwingine. Sauti ikalia, wakatetemeka, wakala.

Mwanakheri aliposhiba alipanda kileleni. "Matanga nimeyaondoa mimi," akasema. "Masikio yasiyo na mlinzi hujilinda yenyewe, na hayajui kupumzika." Akakaa. Hakuna aliyemkataza. Jioni maziwa yakashuka, Siwema akanyonya mpaka akalala.

Lakini husemwa kwamba adhuhuri, upepo ukilala, Mwanakheri bado aliisikia. Hakukimbia. Aliitazama mbingu yote, pembe kwa pembe. Akiona hakuna tai, alinyamaza.

Mafunzo yake ni haya: kilichokutisha huenda zake, mwili ukabaki unakimbia, na mtoto hujifunza mbio kabla hajajua sababu. Ukiisikia sauti, tazama kwanza.

Ngano yangu nimeitua hapo. Anayeitaka na aibebe.